Herufi Moja, Kitenzi Kimoja: Kiswahili na Amri za Barua Pepe

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia nchini Kenya umekuwa mjadala wa majina. Je, chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kidude kinachosukumwa kwa kiganja kiitwe kipanya, puku au mausi? Waraka unaotumwa kwa mtandao uandikwe barua pepe kwa maneno mawili au baruapepe kwa neno moja? Mijadala hii imejaza kurasa za majarida, imezua ubishi katika makongamano, na imewaachia walimu wa shule za upili kazi ya kueleza kwa nini kitabu kimoja kinasema hivi na kingine vile. Haikuwa mijadala ya bure. Hata hivyo, ina upungufu mmoja ambao makala haya yanakusudia kuuangazia: imeshughulikia nomino, ikavisahau vitenzi. Anayeketi mbele ya kompyuta hatumii muda wake kuitaja. Hutumia muda wake kuiamuru.

Ndiyo maana mahali pazuri pa kuuanzia mjadala mpya si kamusi bali kibodi. Kitufe cha mkato, yaani herufi inayobonyezwa ili kazi fulani ifanyike bila kupekua orodha ya chaguo, ni kitenzi kilichofupishwa hadi kikabaki herufi yake ya kwanza. Anayebonyeza D ili kufuta ujumbe ametamka kitenzi cha Kiingereza kwa kidole, hata kama mdomo wake unasema Kiswahili sanifu kisicho doa. Dai la makala haya ni kwamba kitenzi cha Kiswahili kitakapopewa nafasi hiyo ya kidoleni kitaishi, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana nyenzo ya kulijaribu jambo hili leo, bila ruhusa ya kampuni yoyote na bila gharama kubwa.

Programu isiyo na mapambo

Nyenzo yenyewe ni programu ya barua pepe iitwayo Mutt, iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995. Mutt hufanya kazi ndani ya teminali, yaani dirisha la maandishi matupu lisilo na picha wala vitufe vya kubofya kwa kipanya. Barua huorodheshwa mstari kwa mstari, na kila kazi hufanywa kwa kibodi. Ni programu huria: haiuzwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadilisha.

Kwa msomaji aliyezoea simu, programu ya namna hii huenda ikaonekana kama redio ya mbao katika sebule yenye televisheni. Lakini mahali kompyuta inapofundishwa kwa dhati haijapoteza maana. Juja, mji uliokua kando ya barabara kuu baina ya Ruiru na Thika, ni makao ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kati kwa msaada wa serikali ya Japani, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mwanafunzi wa kompyuta katika mji kama huo hafiki mbali masomoni kabla hajakutana na teminali, kwa kuwa seva nyingi duniani huendeshwa kwa maandishi. Akiingia katika seva iliyo mbali, Mutt humwezesha kusoma barua zake huku mtandao ukibeba herufi tu. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya kujikokota. Ubahili huo wa herufi ulikuwa na thamani kubwa wakati ule. Hata sasa, bando linapokaribia kuisha, thamani hiyo haijatoweka.

Mutt inapowashwa kwa mara ya kwanza huzungumza Kiingereza kupitia vidole vya mtumiaji. M huanzisha barua mpya, R hujibu, F humpelekea mtu mwingine ujumbe uliopokewa, D hufuta, U hurejesha kilichofutwa, S huhifadhi na Q hufunga programu. Kwa aliyelelewa katika Kiingereza kila herufi ni ukumbusho: akilikumbuka neno ameikumbuka herufi. Kwa aliyelelewa katika Kiswahili herufi hizo ni za kukariri tu, kama namba ya siri.

Hapa ndipo Mutt inapojitenga na programu nyingi. Katika folda ya mtumiaji huwekwa faili ndogo ya maandishi iitwayo .muttrc, na humo kila kitufe kinaweza kupewa kazi mpya kwa mstari mmoja tu. Mstari huo una sehemu nne: neno bind, jina la ukurasa ambamo kitufe kitatumika, kitufe chenyewe, na jina la kazi. Anayetaka F ifute ujumbe katika orodha ya barua huandika: bind index f delete-message. Anayetaka J ijibu huandika: bind index j reply. Kitufe cha zamani kisichotakiwa hunyamazishwa kwa neno noop. Hakuna utaalamu wa miaka minne unaohitajika hapo. Kinachohitajika ni uamuzi kuhusu herufi ipi imwakilishe kitenzi kipi, na uamuzi huo, kinyume cha inavyodhaniwa, si wa mtaalamu wa kompyuta. Ni wa mwanaisimu.

Sarufi chini ya kidole

Mtu asidhani kwamba kazi hiyo ni ya kubadilisha herufi kwa herufi. Swali la kwanza ni la kimofolojia. Kitenzi kiandikwe katika hali gani? Kikiandikwa katika hali ya kutotambulisha nafsi, yaani kufuta, kujibu, kuhifadhi, kutafuta, basi kazi zote zitaanza kwa K na kitufe hakitaweza kuzitofautisha. Kikigeuzwa nomino dhahania, yaani ufutaji, uhifadhi, utafutaji, zote zitaangukia U. Kiingereza hakina tatizo hili, kwa kuwa umbo lake la kuamuru na umbo lake la kutaja kitendo huanza kwa herufi ileile. Kiswahili kinamlazimisha mtumiaji achague, na chaguo linalofaa ni moja: hali ya kuamuru katika umoja. Futa, jibu, hifadhi, tafuta, andika. Hapo viambishi vya mwanzo vyote hupukutika, mzizi husimama mbele, na herufi ya kwanza inakuwa na maana.

Faida nyingine ya hali hiyo ni kwamba amri tupu haidai upatanisho wa kisarufi. Barua ni ya ngeli moja na ujumbe wa nyingine, lakini futa ni futa kwa zote. Wala hapana sababu ya kuona aibu kwa ukavu wa amri hiyo. Mswahili humwamrisha mkubwa wake kwa kuzunguka, kwa tafadhali na naomba, lakini mashine si mzee wa mtaa na haimkii mtu shikamoo.

Swali la pili ni la migongano. Tuma na tafuta zote zinadai T. Katika Mutt mgongano huu si mgongano hata kidogo, kwa kuwa kila ukurasa una vitufe vyake. Kutuma hufanywa katika ukurasa wa kutunga barua na kutafuta hufanywa katika orodha, hivyo T inaweza kubeba maana mbili na muktadha ukaamua, kama vile neno kaa linavyoamuliwa na muktadha bila msemaji kuchanganyikiwa. Migongano ya kweli ni ile inayotokea katika ukurasa mmoja. Hifadhi na hama, ikiwa kuhama ndiko kutoka folda moja kwenda nyingine, zote zinaidai H katika orodha ya barua. Programu inaruhusu amri ya herufi mbili zinazofuatana, na hapo Kiswahili kinajitolea suluhisho lake chenyewe: hf kwa hifadhi, hm kwa hama. Konsonanti mbili za kwanza zinatosha kuutambulisha mzizi.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa anayesoma fasihi ya Kiswahili. Waandishi wa hati za kale za pwani, walipoandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, waliziweka konsonanti mstarini na irabu wakazitia kama vialama juu na chini yake. Herufi hizo hazikuwa na mahali pa sauti p, ch, g wala v za Kiswahili. Waandishi hawakungoja idhini kutoka Uarabuni. Wengine waliazima herufi ya sauti iliyo karibu, wengine wakaongeza nukta juu ya herufi iliyokuwapo, na kazi ikaendelea kutoka Lamu hadi Mombasa na Pemba. Anayehariri faili ya .muttrc usiku katika chumba cha kupanga huko Juja anafuata nyayo hizo. Amepokea chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine, naye anakitia nukta.

Swali la tatu ni la herufi kubwa na ndogo, ambazo Mutt huzitofautisha. J ndogo inaweza kumjibu aliyetuma, na J kubwa ikawajibu wote waliotajwa katika barua. F ndogo inaweza kufuta barua moja, na F kubwa ikafuta barua zote zinazofanana kwa sifa fulani. Kwa njia hiyo umoja na wingi, ambao ni uti wa mgongo wa sarufi ya Kiswahili, unapata alama yake kwenye kibodi.

Swali la nne ni la maana, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kazi ya kumpelekea mtu mwingine ujumbe uliopokewa ina majina matatu yanayoshindana: sambaza, peleka na tuma mbele. La tatu linanuka tafsiri ya neno kwa neno, kwani mbele ya nani? Sambaza lina maana ya kueneza kwa wengi, ilhali kazi yenyewe mara nyingi humlenga mtu mmoja. Peleka ni neno la kila siku, fupi, na lenye P isiyo na mshindani mkubwa. Wapo watakaochagua vingine, na ni haki yao. Lililo muhimu ni kwamba kitufe kinadai jibu. Katika faharasa ya istilahi mtu anaweza kuorodhesha visawe vitatu akavitenganisha kwa mkato na akaenda zake. Kidole hakibonyezi visawe vitatu.

Kuna pia zawadi ambayo alfabeti ya Kiswahili imeitoa bila kuombwa. Q na X hazimo katika alfabeti hiyo, na katika Mutt ndizo hasa herufi za kutoka: Q hufunga programu na X huondoka bila kutekeleza mabadiliko. Hakuna kitenzi cha Kiswahili kitakachozidai. Basi ziachwe zilivyo, ziwe milango ya dharura ambayo mgeni yeyote ataikuta mahali pake.

Ushahidi wa fuliza

Huenda mtu akauliza kama kitufe kina nguvu kweli ya kulihuisha neno. Jibu liko mfukoni mwa kila Mkenya. Kabla ya Januari 2019, kitenzi fuliza, chenye maana ya kufanya jambo mfululizo bila kusita, kilikuwa mali ya kamusi na ya washairi. Mwezi huo Safaricom ikaanzisha huduma ya kumwezesha mtumiaji wa M-Pesa kukamilisha malipo hata salio lake likiwa pungufu, ikaiita Fuliza. Leo mchuuzi wa mboga katika soko la Juja husema nimefuliza, na mteja wake humwelewa. Neno limepata wakati uliopita, limepata kukanushwa, limepata kunyambuliwa. Kabla yake sambaza lilipita njia hiyohiyo kwa ajili ya salio la simu. Na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, vitenzi tuma, toa na weka vimebeba uchumi mzima bila kuitishiwa warsha ya istilahi.

Maneno haya hayakufaulu kwa sababu yalikuwa mazuri kuliko tarakilishi au ngamizi. Yalifaulu kwa sababu yalifungamanishwa na tendo. Mtu alibonyeza, jambo likatendeka, na neno likaingia mwilini. Lakini pia yana fundisho chungu: walioyachagua ni wafanyabiashara, nao waliyachagua kwa malengo ya biashara. Idara za Kiswahili zilifika baadaye, kuyachambua.

Hali haikuwa hivyo kila mahali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili, na kazi hiyo inastahili heshima isiyopungua. Hata hivyo, katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili aghalabu tafsiri huishia kwenye uso. Mtumiaji husoma neno Hifadhi kwenye orodha, kisha kidole chake hubonyeza Ctrl pamoja na S. Jicho limesoma Kiswahili na mkono umetii Kiingereza. Kadiri anavyozidi kuzoea, ndivyo anavyozidi kuiacha orodha na kutegemea vitufe, hivyo ndivyo anavyozidi kukiacha Kiswahili. Tafsiri ya namna hiyo humhudumia anayeanza na kumpoteza anayebobea.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni kwamba watumiaji wa programu za teminali ni wachache mno, na wengi wao ni wanafunzi wa kompyuta. Hilo ni kweli. Lakini thamani ya Mutt hapa haiko katika wingi wa watumiaji. Ni maabara. Mwanafunzi wa kemia hajaribu dawa kwanza kwa mji mzima. Maamuzi yatakayopatikana humo kuhusu futa, rejesha, peleka na hama yatafaa kwa programu yoyote nyingine itakayotafsiriwa baadaye.

Pingamizi la pili ni la usalama. Katika mpangilio wa awali F hupeleka na katika mpangilio wa Kiswahili F hufuta. Je, anayehama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine hatapoteza barua? Hofu hii ina msingi, lakini programu imejikinga. Mutt haiondoi barua papo hapo. Huitia alama tu, na barua huondoka mtumiaji anapothibitisha mabadiliko au anapofunga programu. Kabla ya hapo inaweza kurejeshwa. Isitoshe, kubonyeza alama ya kuuliza huleta orodha ya vitufe vyote vilivyowekwa, na faili ya .muttrc ni nyepesi kiasi cha kubebwa popote. Anayehofia kupotea ana ramani mfukoni.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo latoka kwa wapenzi wa Kiswahili wenyewe. Kila mtu akijipangia vitufe vyake, si kutakuwa na lahaja elfu za kibodi? Mmoja atafuta kwa F, mwingine kwa O kwa sababu yeye husema ondoa. Ikumbukwe kwamba Kiswahili kimewahi kulikabili swali hili. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 na Kiunguja kikawa msingi wa usanifishaji, mawasiliano ya Afrika Mashariki yalifaidika, lakini washairi wa Mombasa na Lamu hawakuacha kutunga kwa lahaja zao, wala fasihi haikupata hasara kwa ukaidi wao. Usanifishaji na uhuru vinaweza kukaa nyumba moja. Mpangilio mmoja unaokubalika ukiwapo, wageni wataanza nao, na mwenye ladha yake ataongeza mistari yake chini. Hatari halisi si kwamba mipangilio itakuwa mingi. Hatari ni kwamba hautakuwapo hata mmoja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lazima likiriwe kwa uaminifu. Hata baada ya F kufuta kwa Kiswahili, mstari ulioandikwa katika faili bado unasema delete-message. Chini ya kitenzi cha Kiswahili kuna jina la Kiingereza, na chini ya hilo kuna msimbo. Kubadilisha vitufe hakugeuzi umiliki wa teknolojia. Anayedai hivyo anajidanganya. Lakini lugha haiingii katika nyumba kwa kubomoa msingi. Huingia mlangoni, hukaa sebuleni, na baada ya muda ndiyo inayowaita watoto.

Kutoka Kahawa hadi Juja

Nani basi aifanye kazi hii? Wanafunzi wa Juja wana ujuzi wa teminali, lakini si wajibu wao kuamua kama neno bora ni peleka au sambaza. Wanafunzi wa Kiswahili wana ujuzi wa maneno, lakini wengi hawajawahi kuona teminali. Katika ukanda wa barabara ya Thika pengo hili linaonekana wazi, kwa maana Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa na JKUAT kiko Juja, barabara moja, nauli ya matatu moja. Na vyuo hivi havikuwa wageni. Kuanzia mwaka 1988 hadi 1994 kile cha Juja kilikuwa chuo kishiriki cha kile cha Kahawa. Walioishi katika boma moja hawapaswi kuhitaji mshenga ili wazungumze.

Pendekezo ni dogo na linatekelezeka. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kikutane na wanafunzi wa kompyuta kwa alasiri moja. Upande mmoja ulete orodha ya kazi za Mutt, ambazo zinazotumika kila siku hazizidi ishirini. Upande wa pili ulete vitenzi na sababu za kila kimoja. Migongano ijadiliwe, mpangilio uandikwe, kila mmoja aondoke na nakala, na baada ya muhula mmoja wakutane tena kuulizana ni vitenzi vipi vimezoeleka vidoleni na vipi vimekataliwa. Vilivyokataliwa vibadilishwe bila kinyongo. Huo utakuwa utafiti wa istilahi ambao waliohojiwa ndani yake ni vidole, navyo havina adabu ya kumfurahisha mtafiti.

Tangu UNESCO iitangaze tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, siku hiyo hujaa hotuba za kuisifu lugha hii. Hotuba hizo huandikwa kwenye kompyuta, huhifadhiwa kwa S na hutumwa kwa vitufe vya lugha nyingine. Sifa si mbaya, ila lugha inayosifiwa bila kuamrishia chochote ina hatari ya kuwa kama upanga wa ukutani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kahawa kuna kidole kimoja na Juja kuna cha pili. Kazi iliyobaki ni kuvikutanisha juu ya kibodi moja, na kuanza na F.